Sauti Inapopapaswa kwa Mkono

Swali la kama neno linaloeleza sauti ya mtu humweleza pia mtu mwenyewe lina uzito wa pekee Buteba, katika wilaya ya Busia nchini Uganda, mpakani na Kenya, kwa kuwa huko na katika Tororo jirani Kiteso, Kisamia, Dhopadhola na Kiswahili hukutana sokoni na makanisani.

Kiswahili kina maneno machache ya sauti yaliyozaliwa na sikio lenyewe. Sauti huitwa nene au nyembamba kana kwamba imeshikwa, nzito kana kwamba imebebwa, nyororo au kavu kana kwamba imepapaswa. Hata king'ong'o, yaani usemaji unaopitia puani, hutaja kiungo pamoja na mlio. Hatari ya kuazima maneno ya mkono inaonekana katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 27, ambapo Isaka, aliyekuwa haoni, aliitambua sauti ya Yakobo, lakini alipozigusa ngozi za wanambuzi alizovikwa mwanawe mikononi, aliuamini mkono akaliacha sikio, na baraka ikamwendea asiyekusudiwa.

Kosa la namna hiyo huweza kumpata anayemsikiliza Mteso kwa sikio la Kiswahili. Katika Kiteso, ambacho ni lugha ya Kiniloti cha Mashariki, irabu ya mwisho wa neno mara nyingi haina mghuno, maana yake nyuzi za sauti hazitetemi na kinachotoka ni pumzi iliyochukua umbo la irabu. Na kwa kuwa maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu inayosikika wazi, msikilizaji huweza kusema kwamba mwenzake anameza maneno, kisha, bila haki yoyote, akamdhania kuwa mtu wa kuficha mambo. Hakuna kilichomezwa, kwani Mteso wa ng'ambo ya mpaka, kule Kenya, huisikia pumzi hiyo kuwa sehemu ya neno. Kumhukumu mtu kwa matamshi yake kumewahi hata kuua: katika Waamuzi, kitabu cha Biblia, sura ya 12, Waefraimu waliuawa vivukoni mwa Yordani baada ya kutambuliwa kwa namna walivyotamka konsonanti moja tu.

Kurani, katika sura ya Luqman, aya ya 19, humtaka mtu ashushe sauti yake, na kushusha ni tendo la hiari, ilhali ukavu wa koo na irabu za lugha ya mama si matendo. Neno gumu kuliko yote hapa ni "kali", kwa kuwa hutaja sauti nyembamba ya kuzaliwa nayo na pia sauti ya mwenye hasira, na sikio peke yake halitoshi kuzitenganisha.