Wimbo Baada ya Ngurumo

JUMATANO

Soma Zaburi 104:10–14, 24, 33, 34. Mtunga zaburi anaona na kusikia nini, naye anaitikiaje?

Siku moja ya kiangazi mwaka 1885, mhubiri kijana Carl Boberg alikuwa akirudi nyumbani Mönsterås, pwani ya Uswidi. Ghafla kukawa na ngurumo, umeme na mvua kubwa. Tufani ilipopita, ghuba ilitulia kama kioo, ndege akaimba msituni, na kengele za kanisa zikasikika jioni ile. Boberg akaandika shairi la kumsifu Mungu. Baadaye likaimbwa kwa tuni ya kienyeji ya Kiswidi, na leo wimbo uliotokana nalo huimbwa hata kwa Kiswahili.

Bila shaka wengine walinyeshewa mvua ile ile wakaona mvua tu. Tofauti ni mahali moyo unapoishia. Zaburi 104 inataja chemchemi, ndege na majani, lakini haikomei hapo; katika aya ya 33 inamwimbia Bwana mwenyewe. Paulo anawaonya wale wanaokomea kwenye kiumbe na kumsahau Muumba (Warumi 1:25). Alasiri ya Sabato chini ya mti yaweza kuwa ibada. Yaweza pia kupotea katika usingizi na simu.

Fikiria: Ni kitu gani katika uumbaji kilichowahi kukufanya uimbe? Sabato ijayo, utafanya nini ili familia yako isikie sifa hiyo pamoja nawe?