Siri ya Imran na Haki ya Baba

Tumeulizwa na kijana mmoja wa darsa yetu, asomaye Kiurdu: je, yafaa Muislamu kukesha na hadithi za ujasusi za Ibn-e-Safi? Asema mzee wake amezikuta chini ya mto, akaghadhibika.

Kwanza na tumjue mwandishi. Jina lake ni Asrar Ahmad, aliyezaliwa mwaka 1928 katika wilaya ya Allahabad, Bara Hindi. Silsila yake ya kwanza, Jasoosi Dunya, aliianza mwaka 1952, na mwaka huo huo akahamia Pakistan. Ya Imran aliianza mwaka 1955. Aliugua maradhi ya akili tangu 1960 hata 1963, kisha akapona akarejea kalamuni. Alifariki Karachi mwaka 1980, akiacha vitabu zaidi ya 200, na Imran akachukuliwa na waandishi wengine, maarufu wao Mazhar Kaleem. Nia yake ilikuwa kuonyesha kwamba kitabu cha Kiurdu chaweza kununuliwa pasi na upujufu, na hilo aliliweza.

Wasemao ati hadithi ni uwongo, basi ni haramu, hatuwafuati. Uwongo ni kumsadikisha mtu lisilokuwa, na mnunuzi wa hadithi ajua anunualo. Mashekhe zetu wametusomesha Maqamat ya Hariri, na Abu Zaid wa humo ni ayari wa kubuni. Hapana aliyetwambia tuyachome.

Uzito uko penginepo. Neno jasusi lina shina moja na lile alilolikataza Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 12, pamoja na dhana mbaya na kusengenyana. Lakini katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alimtuma Hudhaifa bin al-Yaman, usiku wa baridi kali, aingie kambini mwa maadui alete khabari, akamwonya asiwachokoze. Hudhaifa alimwona Abu Sufyan akiota moto mgongo wake. Akatia mshale katika upinde, kisha akakumbuka agizo, akajizuia. Huo ndio upelelezi wa halali: adui yu dhahiri, haja i dhahiri, na mkono umefungwa na amri. Ama Sayyidna Omar, imepokewa kwamba aliparamia ukuta wa mtu aliyekuwa akiasi nyumbani mwake. Mtu yule akamjibu kuwa yeye ameasi kwa moja, na Khalifa kwa matatu: amepeleleza, hakupita mlangoni, wala hakutoa salamu. Omar akamwacha. Ikiwa Omar alinyamazishwa kwa hoja hiyo, sembuse sisi wa barazani, tujuao nani kaingia kwa nani baada ya Isha, wala hatujafungua hata kitabu kimoja cha ujasusi!

Sasa Imran mwenyewe. Mbele za watu ni juha, asemaye upuuzi, akaaye na mpishi wake Sulaiman. Kumbe ndiye X-2, mkuu wa majasusi wa nchi, awaamrishaye kwa simu kwa sauti ya kugeuza, na hao hao humcheka wakutanapo naye. Kuficha wema ni sifa. Sadaka ya siri twaijua fadhila yake. Lakini babake, Rahman, naye mkubwa wa upelelezi, amemfukuza nyumbani kwa haya ya kuwa na mwana mpumbavu. Hapo mwandishi hutuchekesha, nami nimecheka. Kisha nikajiuliza: heshima yangu ni yangu, naweza kuitoa, je, uchungu wa baba yangu nao ni mali yangu, niutoe?

Atasema msemaji kwamba siri ya nchi ni amana. Kweli, na cheo chake Imran ana haki ya kukificha, hata kwa babake. Lakini kunyamaza ni jambo moja, na kucheza ujuha mbele ya mzazi mpaka akate tamaa nawe ni jambo jingine. La kwanza lalinda amana. La pili, kwa maoni yetu, lamdhulumu baba kitu ambacho nchi haikukihitaji. Na ajabu ni kwamba aliyeyabuni hayo alikuwa mwana aliyejiita kwa jina la babake: Safi ni Safiullah, mzee wake Asrar.

Kijana wetu tumemwambia avitoe vitabu chini ya mto, avisome sebuleni baada ya darsa, mzee wake akiwapo. Na mzee akiuliza kuna nini humo, amsomee.