Fungu la Kumi Humbana na Anayelipokea

Mahubiri mengi kuhusu fungu la kumi huanza na kuishia Malaki 3:10, na mzigo wote hutwishwa mtoaji: ametoa au hakutoa, ametoa kamili au amepunguza. Usomaji huo ni nusu tu ya Maandiko. Tukiisoma Torati pamoja na manabii, tunakuta kwamba anayepokea fungu la kumi anadaiwa uaminifu sawasawa na anayelitoa. Katika Hesabu 18, Walawi walipewa zaka, yaani fungu la kumi, kwa sababu hawakuwa na urithi wa ardhi, lakini nao waliamriwa kutoa sehemu ya kumi ya walichopokea. Kumbukumbu la Torati 14 inaagiza kwamba kila mwaka wa tatu zaka iwekwe akiba malangoni mwa miji, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale na kushiba. Nehemia alipokuta Walawi wamerudi mashambani kwa kukosa posho, aliwakemea wakuu. Watu walipoleta nafaka, divai na mafuta, aliteua watunza hazina wanaoaminika wagawe. Malaki mwenyewe anawaonya makuhani katika sura ya 2, na aya chache tu kabla ya kudai zaka anawashutumu wanaomdhulumu kibarua mshahara wake na kumwonea mjane na yatima.

Wapo wanaosema kwamba muumini humtolea Mungu, hivyo akishatoa hana haki ya kuuliza. Paulo hakufikiri hivyo. Alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alikubali mjumbe aliyechaguliwa na makanisa aandamane na mchango, na katika 2 Wakorintho 8 anaeleza sababu: asipate mtu wa kumlaumu juu ya fedha hizo. Ikiwa mtume alijiwekea mashahidi, mchungaji wa leo hawezi kuita swali la mwanakanisa uasi. Wengine husema kwamba Mkristo hayuko tena chini ya sheria ya zaka. Ni kweli kwamba katika mchango huo Paulo hakupanga kiwango. Alimwachia kila mtu aamue moyoni. Lakini uhuru huo haufuti haki ya maskini. Katika Mathayo 23, Yesu hakuwalaumu Mafarisayo kwa kutoa zaka ya mnanaa, bali kwa kuacha adili, rehema na imani.

Wayahudi nao, Hekalu lilipobomolewa mwaka 70, hawakuacha kutoa. Marabi wa mji wa Usha, huko Galilaya, katika karne ya 2, walikataza mtu kugawa zaidi ya sehemu moja ya tano ya mali yake, asije akageuka ombaomba. Mwanazuoni wa Kiyahudi Maimonides, katika karne ya 12, alipanga ngazi nane za utoaji, na ya juu kabisa ni kumwinua mhitaji kwa mkopo, ubia au kazi hadi asihitaji tena kuomba. Utoaji hapo unapimwa kwa hali ya aliyesaidiwa, na mtoaji mnyonge analindwa asikamuliwe.

Kwa hiyo kanisa linalohubiri Malaki liwasomee waumini mapato na matumizi yake, na lioneshe ni kiasi gani kimewafikia wajane na yatima. Nawe mtoaji, toa kwa moyo mkunjufu, kisha uliza. Kuuliza ni sehemu ya uaminifu.