Kazi ya Mungu, na Sehemu Yetu

Asubuhi ya Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria, ikiwa imekaribia kabisa kumaliza safari yake ya kwenda Mwanza. Meli hiyo, iliyoruhusiwa kubeba abiria 430, ilikuwa imetokea Bukoba ikapitia Kemondo, na humo ndani watu walibanana na mizigo, ikiwemo mikungu ya ndizi. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa majina. Wa daraja la tatu hawakuandikwa. Ndiyo maana idadi ya waliokufa, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa 894, hakuna awezaye kuiapia.

Misibani husemwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Neno hilo humfaa mfiwa. Lakini likitoka kinywani mwa aliyeuza tiketi kupita kiasi, linageuka maficho.

Meli haikuzama papo hapo. Ilielea kifudifudi, na ndani yake walikuwamo watu hai waliosikika wakigonga chuma. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiwapa uhai, na kuishikilia meli isizame, ikatoka. Meli ikaenda chini.

Je, waliotoboa wana hatia? Anayepima matendo kwa nia atawaachilia, na kwa haki kabisa. Hata hivyo, nia njema ya mtu mwenye kekee haimfuti dhambi yule aliyekaa ofisini miaka yote bila kuandaa wazamiaji wala vifaa. Baadhi ya maofisa walishtakiwa, lakini kesi hutafuta aliyevunja sheria. Aliyezoea tu kufumba macho haimgusi.

Dini zenyewe hazikuacha mlango wazi kwa uzembe. Mtume Muhammad alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Katika Injili ya Luka, Yesu anakataa kwamba watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa waovu kuliko wenzao. Basi aliyezama hakuadhibiwa. Na aliyenusurika je? Akisema Mungu amemwokoa, shukrani yake ni halali, ila asiifanye hukumu juu ya jirani yake aliyezama.

Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa hilohilo. Walikufa zaidi ya watu 220. Siku mbili baadaye fundi mmoja alitolewa akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka. Wengi waliita muujiza, na nani awabishie? Ila muujiza huo haujibu nani aliruhusu kivuko kijae kiasi kile.

Mashehe na mapadri wanaoomboleza pamoja na wafiwa wana nafasi ambayo mkaguzi wa meli hana: watu huwasikiliza. Wanapoombea safari za ziwani, wawaambie pia waumini wao wasipande chombo kilichojaa, na wamwambie nahodha kwamba kung'oa nanga na abiria waliozidi ni dhambi.