Moyo Wako Nao ni Msitu

Moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Methali hii hutoka mdomoni baada ya madhara kutokea: mweka hazina wa kikundi ametoweka na michango ya mwaka mzima, rafiki wa siku nyingi ameanika siri, mchumba ameonekana harusini na harusi si yenu. Wazee hutikisa kichwa, huitamka, kila mtu akarudi kwake na onyo lilelile, kwamba binadamu haaminiki kupita kiasi. Ndivyo tulivyofundishwa darasani. Lakini anayeitamka hujiweka nje ya msitu. Humulika moyo wa jirani kana kwamba wake yeye ni ua uliofagiwa asubuhi.

Usiku huivuruga hesabu hiyo. Mlokole aliyeacha pombe huota yuko kilabuni, glasi mkononi, na anapozinduka hunusa pumzi yake mwenyewe. Mke asiyewahi kutoka nje ya ndoa huota yuko na shemeji yake. Mama huota anamdhuru mtoto anayemnyonyesha. Ndoto ikija mara moja husahaulika kabla ya chai. Ikirudi wiki baada ya wiki, mtu huanza kuogopa kitanda, na kinachomtesa zaidi ni swali analoshindwa kumuuliza yeyote: je, huyu ndiye mimi hasa?

Mmoja wa waliolikabili swali hilo bila kuona haya alikuwa Mwafrika wa kaskazini. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika Algeria ya leo, na alikuwa tayari askofu wa Hippo alipoandika Maungamo yake, karibu na mwaka 400. Katika kitabu cha kumi anakiri kwamba picha za maisha aliyoyaacha, ambazo akiwa macho hazimwezi, humjia usingizini na kumshinda hadi akaziridhia. Anamuuliza Mungu kama wakati ule yeye si yeye. Ninachompendea ni kwamba hakukimbilia jibu jepesi. Hakusema ndoto ni upuuzi, wala hakusema ndoto ndiyo iliyomfichua. Alishika jambo moja: akiamka, dhamiri hutulia, kwa kuwa anaona lililopita limetendeka ndani yake bila yeye kulitenda. Bado anasikitika kwamba limetokea. Plato naye, karne nyingi kabla yake, alikwisha kuandika kwamba tamaa zisizojua sheria zimo hata ndani ya watu wenye kiasi, na kwamba usingizi ndio unaozifungulia.

Sheria ya Kiislamu ililikata jambo hili kwa vitendo zaidi. Wanafunzi wa madrasa hufundishwa hadithi isemayo kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni aliyelala mpaka aamke. Basi mtu aliyefunga Ramadhani akilala mchana na kutokwa na manii ndotoni, saumu yake haibatiliki. Huoga janaba, akaendelea na funga yake. Angelifanya hilo makusudi akiwa macho, saumu ingekuwa imekwenda. Mwili umefanya jambo lilelile mara zote mbili, ila mara ya kwanza hapakuwa na mtu aliyekusudia.

Tukirudi kwenye methali kwa jicho hili, giza la msitu halibaki tuhuma tena. Kila moyo una upande usiolimwa, na huko hupita wanyama ambao mwenye moyo hakuwafuga. Anachoulizwa ni shamba: amepanda nini mchana, amepalilia nini.

Tena aibu yenyewe inastahili kutazamwa upya. Mwaka 1991 Peter Hajek na Michael Belcher wa Uingereza walichapisha uchunguzi kuhusu watu walioacha sigara. Sehemu yao waliota wanavuta tena, na mumo humo ndotoni wakajawa na hatia. Mtu angedhani hao ndio waliokuwa njiani kurudia. Kinyume chake, walielekea kudumu zaidi katika kuacha. Mlokole wetu anaponusa pumzi yake kwa hofu, hofu ile ni ya mtu aliyeacha kweli. Aliyerudia chupa hana sababu ya kutetemeka hivyo.

Kupigana na picha ya ndoto kabla ya kulala hakusaidii. Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1987 aliwataka watu wasimfikirie dubu mweupe, na dubu akagoma kuwatoka. Mwaka 2004 yeye na wenzake walionyesha kwamba mtu tunayejikataza kumfikiria kabla ya usingizi huelekea zaidi kututokea ndotoni. Anayelala akijiapiza "leo sitaiota" ameikaribisha.

Kuna na wale wa jini mahaba, wanaomwambia kila mwenye ndoto ya ngono inayojirudia kwamba ameolewa kuzimu, kisha wanataja bei. Sina ugomvi na dua wala maombi. Ugomvi wangu ni na anayemuuzia mtu hofu yake mwenyewe. Mafundisho ya Mtume kuhusu ndoto mbaya hayana gharama: mtu atake hifadhi kwa Mwenyezi Mungu, ateme mate kidogo kushotoni mara tatu, ageuke ubavu, asiisimulie.

Asiisimulie, lakini mficha uchi hazai. Methali hii huonekana kupingana na agizo hilo, nami naona vinapatana: kuitangaza ni jambo moja, kutafuta msaada ni jingine. Ipo tiba ambayo Barry Krakow na wenzake waliijaribu kwa wanawake waliodhulumiwa kijinsia, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Mtu akiwa macho, mchana, huichukua ndoto, huibadilisha atakavyo, kisha huipitia ile mpya akilini kwa dakika chache kila siku. Jinamizi lilipungua. Na mtaalamu hahitaji kusikia kila kilichomo.

Mtu akague pia dawa anazotumia. Efavirenzi, iliyotumiwa sana katika tiba ya VVU Afrika Mashariki kabla ya dolutegraviri kushika nafasi yake, inajulikana kwa kuleta ndoto kali. Propranololi ya shinikizo la damu nayo huweza. Hapo wa kumuona ni daktari, na dawa isiachwe kabla ya kumuona. Na ndoto inayorudia ajali, kipigo au ubakaji uliompata mtu kweli isiachwe ijiishie yenyewe.

Wapo wanaouliza kama ni lazima kumwambia mwenza. Mimi naona hapana. Yule mke hana la kuungama, kwa kuwa hajatenda. Akimwamsha mumewe saa nane usiku amsimulie habari ya shemeji, huenda yeye akapata usingizi, mume akabaki anahesabu mara ambazo mdogo wake amekuja kula chakula cha jioni.