Je, Ushindani ni Dhambi?



Neno "ushindani" halina sifa njema miongoni mwetu. Wengi wetu tulifundishwa tangu shuleni kwamba ni tabia ya mabepari, na kanisani twahimizwa kuchukuliana mizigo, si kushindana. Basi mtu akisikia kwamba nchi yetu inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani ya kuisimamia, aweza kuuliza: imekuwaje Serikali ilinde jambo ambalo Mkristo apaswa kulikimbia? Swali hili ni la haki, nasi hatuna budi kulijibu.

Tuanze na hapa kwetu Mutuka. Mkulima amevuna mbaazi. Deni la mbegu lataka kulipwa, na watoto wataka sare za shule. Sokoni wapo wanunuzi watatu. Tuseme kwamba asubuhi ile watatu hao wamekunywa chai pamoja, wakaafikiana kwamba hakuna atakayezidi bei fulani. Mkulima amwendea wa kwanza, bei haimridhishi. Amwendea wa pili, asikia bei ile ile. Wa tatu naye vivyo hivyo. Mwisho auza, apokea fedha, asema ahsante. Hakuna aliyemnyang'anya gunia, wala hakuna aliyemtisha. Je, ameibiwa?

Sisi twasema ndiyo, ameibiwa. Alichoibiwa ni uwezo wa kukataa. Patano la kuuza na kununua ni la haki pale ambapo kila mmoja aweza kusema "hapana" na kwenda kwingine. Ukimfungia mtu milango yote kwa siri, kisha ukamwachia mmoja tu, huwezi kusema kwamba amepita hapo kwa hiari yake. Lumbesa twaijua kuwa ni dhuluma kwa sababu twaiona kwa macho, gunia limevimba mpaka juu. Bei iliyopangwa kwa siri ni lumbesa isiyoonekana. Nabii Amosi aliwakemea wafanya biashara waliochezea vipimo. Hatudhani kwamba angalinyamaza kwa sababu tu kipimo kimechezewa mezani penye chai badala ya kwenye mizani.

Basi ushindani ambao sheria yaulinda si ule wa kuchukiana na kuangushana. Sheria ya 2003 yawakataza washindani kupanga bei pamoja, kumsusia mtu kwa pamoja, na kula njama katika zabuni. Yamkataza pia mwenye nguvu kubwa sokoni kuitumia nguvu hiyo kuwabana wengine. Maana yake ni kwamba riziki ya mtu isikae katika kiganja cha mtu mmoja. Hilo twaweza kulipenda bila kuona haya.

Mtu atauliza: je, wakulima wakiungana katika ushirika wapate kuuza kwa sauti moja, si patano lile lile? Hapana. Ushirika hufanya mambo yake mchana. Una daftari na mkutano, na mnunuzi ajua kwamba azungumza na watu walioungana. Wanunuzi wale hujifanya kuwa watatu, kumbe ni mmoja. Tena, wanyonge wakishikana mikono mbele ya mwenye fedha, yeye bado aweza kuondoka na fedha yake. Walakini ushirika nao usijidanganye. Ukimkataza mkulima kuuza kwingine, na viongozi wake wasiulizwe hesabu, umekuwa mnunuzi wa pekee, na jina zuri halitauosha.

Hayo yamekwisha kutokea. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa, na mazao yakanunuliwa na mashirika ya umma. Mahindi yakawa ya shirika la usagishaji tulilolijua kwa jina la NMC. Nia ilikuwa kumkinga mkulima na walanguzi. Lakini malipo yalipochelewa, hakuwa na pengine pa kwenda kwa halali. Tena, Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zitokazo nje, na bei ikaanguka vibaya. Hapo hapakuwa na njama wala dhambi ya mtu. Lakini tulijifunza ni hatari gani kumtegemea mnunuzi mmoja.

Sheria peke yake haitoshi. Mwaka 2022 Tume iliiruhusu kampuni yenye saruji ya Twiga kununua sehemu kubwa ya hisa za saruji ya Tanga. Septemba ya mwaka huo Baraza la Ushindani likaitengua ruhusa hiyo, kwa kuwa kampuni hizo mbili kwa pamoja zingepita asilimia 35 ya soko, mpaka uliowekwa na sheria wakati huo. Mwaka uliofuata Tume ikaruhusu tena. Hatuandiki haya kumhukumu mtu. Twataka tu mjue kwamba mambo haya yanayogusa mfuko wa saruji wa kila ajengaye huamuliwa na watu, tena huweza kupingwa.

Na ni nani afichuaye njama ya siri? Afrika Kusini, mwishoni mwa 2006, wauzaji wadogo wa mkate katika jimbo la Western Cape waliona ajabu: makampuni makubwa ya kuoka yalipandisha bei na kupunguza faida ya wauzaji kwa wakati mmoja. Wakalalamika. Uchunguzi ukaonyesha kwamba makampuni yalikuwa yamepatana, na mwaka 2007 mojawapo, Tiger Brands, likakubali kulipa zaidi ya randi milioni 98. Jambo lile lilianza na watu wa chini waliokataa kunyamaza.

Ndugu zetu, katika benchi moja la kanisa hukaa auzaye mbaazi na anunuaye mbaazi. Wote wawili hupokea mkate mmoja. Wewe mnunuzi, ukialikwa kwenye chai ile, usiende. Na ukijikuta mezani, inuka. Wewe karani au dereva uliyesikia yakipangwa, usiseme kwamba hayakuhusu. Wewe mkulima, ulizia bei mahali zaidi ya pamoja, hudhuria mkutano wa ushirika wako, na udai kusomewa hesabu. Nasi sote tukumbuke kwamba jirani huvunjiwa heshima si kwa kupigwa tu, bali hata kwa kuachwa achague pale ambapo wengine wamekwisha kumchagulia.