Ugali wa Mbwa Mzee

Huku kwetu Shinyanga mbwa hulishwa kwa kuwa analinda: ng'ombe mchana, boma usiku. Je, akizeeka, meno yakaisha, asimsikie hata mwizi? Jirani yangu anayechimba dhahabu Geita husema chakula ni ujira. Kazi ikikoma, ujira nao ukome. Sikubaliani naye. Ujira hulipwa kwa kazi iliyokwisha kufanywa, na huyu alikesha miaka kumi kwa ukoko wa sufuria tu! Sasa namlainishia ugali kwa mchuzi wa dagaa, kidogo asubuhi, kidogo jioni. Pumba hushibisha tumbo, lakini misuli ya mzee hunyauka bila kitoweo. Mifupa iliyopikwa simpi; humeguka vipande vyenye ncha. Dagaa hao hao ndio mboga ya watoto wangu, nao hutazama ninavyogawa.